Gari Halikukufuata, Baba

Baba,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini sijawahi kuanza kuongea nawe bila shikamoo na sitaanza leo, hata kama leo nimekuja na hasira.

Gari limewaka. Nakuambia hilo kabla ya habari za nyumbani kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza. Limewaka jana asubuhi, Jumamosi, pale pale uani ulipoliacha, na aliyeliwasha ni mimi. Si Maduhu, mwanao wa kiume. Si Baba mdogo. Si fundi. Ni mimi Kabula, uliyemwambia miaka yote akae mbali na boneti. Naandika kwenye daftari langu la vipimo vya wateja maana ndilo lililokuwa karibu, na kucha zangu bado zina weusi ambao sabuni imeshindwa kuutoa. Kesho natakiwa kushona gauni jeupe la kipaimara. Sijui itakuwaje. Itajulikana hukohuko kesho.

Nimesikia watu wengi wakisimulia kifo chako, Baba. Walisimulia msibani, wakasimulia kanisani, wanasimulia mpaka sasa wakija kupimwa nguo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ndani ya gari asubuhi ile isipokuwa mimi, Mama na wewe. Kwa hiyo ngoja niiseme mwenyewe mara moja, nisiiseme tena.

Ulianguka karibu na tanki la maji, mswaki ukiwa mkononi. Tulipokuinua, upande wako wa kushoto haukuwa na nguvu na mdomo ulikuwa umekwenda kando. Mimi na Mama tulikuburuta mpaka kwenye gari, tukakuegemeza kwenye siti ya abiria. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Nikazunguka, nikakaa kwenye usukani. Hapo ukageuza macho ukaniona. Hukuwahi kuniona nimekaa pale, ndiyo maana uliniangalia vile. Ukataka kusema kitu. Ilitoka sauti moja tu, "e... e...", na mate. Nikageuza ufunguo. Gari likasema tak. Nikageuza tena. Tak. Taa za dashibodi zikafifia mpaka zikazimika.

Nilishuka nikasukuma. Mama akasukuma. Unaujua udongo wetu wa mbuga ukishalowa: magurudumu yalikuwa yameshikwa, na sisi wenyewe tulikuwa tunazama mpaka kwenye vifundo vya miguu. Mama akakimbia kwa jirani, jirani alikuwa ameshatoka na gari lake kwenda mjini, akapigiwa simu, akarudi. Tulipofika hospitali jua lilikuwa utosini. Ukafariki kesho yake mchana. Daktari aliniambia mshipa ulipasuka vibaya, na hata kama tungefika mapema isingesaidia. Alisema akiniangalia usoni. Kuna siku namwamini na kuna siku siwezi.

Ile sauti yako nimeifikiria sana. Inaweza kuwa ulisema "teremka". Inaweza kuwa ulisema "betri". Maneno yote mawili yana sauti hiyo. Sitajua kamwe, na nimechoka kujiuliza.

Msibani yakaanza maneno. Baba mdogo Masunga alifika kutoka Lalago siku ile ile, akalizunguka gari, akajaribu kuliwasha, halikutoa hata ule mlio. Akarudi kukaa na wazee akasema, "Gari linamjua mwenyewe. Limemfuata." Wazee wakatikisa vichwa. Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa umeshapata hadithi: gari lilikataa kumpeleka mwenyewe hospitali, kwa sababu lilijua safari imefika mwisho. Wengine wakasema lisiguswe mpaka lioshwe kwa dawa. Wengine wakasema lisikae nyumbani kabisa, lina kitu.

Mimi ningecheka, Baba, kama Mama asingeamini. Lakini Mama aliamini. Mama huyu huyu anayewahi misa ya kwanza. Tulipomaliza matanga alichukua turubai la kuanikia mpunga akalifunika gari lote mpaka chini, akaweka mawe pembeni upepo usilifunue. Tangu siku hiyo akitaka kwenda kisimani hakatizi uani, anazungukia nyuma ya jiko. Kuku wakaanza kutaga chini ya gari na hata mayai yale hakuyaokota. Nilimwambia siku moja, "Mayu, lile ni chuma tu." Akanijibu bila kuniangalia, "Liache, ng'wanone. Lilikataa kumbeba akiwa hai. Unataka limbebe nani sasa?"

Akaacha kwenda mnadani. Choroko zake zimejaa kwenye magunia, anasema hana usafiri. Usafiri ulikuwepo chini ya turubai.

Kuna jambo nilikuficha. Leseni ya udereva ninayo. Niliipata mwaka juzi. Nilikuwa nafunga kibanda changu cha cherehani saa tisa, nakwenda kujifunza kwenye uwanja ule wa nyuma ya soko, na nyumbani nikawa nasema wateja walikuwa wengi. Nilitaka nikuoneshe siku ambayo ungekuwa umefurahi, umekula vizuri, pamba imepata bei. Siku hiyo niliisogeza, nikaisogeza. Uliponiona kwenye usukani asubuhi ile sikuwa mwendawazimu, Baba. Nilikuwa dereva.

Wiki mbili zilizopita Baba mdogo aliitisha kikao. Akakaa kwenye kiti chako. Alisema nyumba hii haina mwanaume, Maduhu yuko Dar es Salaam, gari linaoza, na yeye kama mdogo wako hawezi kuona mali ya kaka yake inaharibika. Atakuja na trekta alivute mpaka Lalago, na atakuja na fundi alitazame. Injini ikiwa imekufa, liuzwe chuma chakavu. Halafu akaninyooshea kiganja. "Kabula, nipe ufunguo."

Nilimwambia ufunguo utabaki hapa. Nikasema gari la Baba ni la Mama mpaka Mama aseme vingine. Mama alikuwa anaangalia miguu yake.

Baba mdogo hakukasirika. Alicheka, na kile kicheko ndicho kilichoniuma. "Ufunguo wa gari lililokufa, mwanangu, utafungulia nini? Haya. Mimi nakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Nikikuta limewaka, libaki. Nasema mbele ya watu wote hawa." Watu wote wakacheka naye. Mimi sikucheka. Nilikuwa naweka yale maneno akilini.

Jioni nikampigia Maduhu. Akaniambia, "Dada, mwachie tu Baba mdogo. Wewe utalifanyia nini?"

"Nitaliendesha."

Naye akasema, "Baba hakukufundisha mambo ya magari."

"Wewe alikufundisha," nikamwambia. "Uko wapi?"

Alikata simu. Ni kweli nilikuwa mkali, lakini sikumpigia tena kuomba radhi.

Maana alisema kweli, Baba. Hukunifundisha. Ulikuwa unamwita Maduhu, yeye anakuja macho yakiwa kwenye simu yake, na mimi unanipa sufuria la nati nilishike. Nimeshika lile sufuria miaka mingapi? Nilikuwa nasimama nyuma yako nasikia kila kitu unachomwambia yeye. "Hasi inatoka kwanza, inarudi mwisho. Ukianza na chanya, spana ikagusa bodi, utaona moto." Yeye anajibu "ndiyo Baba" na hasikii. Siku moja akaanza na chanya kweli, cheche zikaruka, akaitupa spana mpaka kwenye ungo wa maharage ya Mama. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Mimi niliinama nikatazama spana ilikuwa imegusa wapi.

Na kila niliponyoosha mkono nishike kitu ulisema, "Weka chini, mama yangu, utachafuka." Uliniita mama yangu kwa sababu nina jina la mama yako. Ulisema kwa upendo, sibishi. Ulisema kwa upendo mwingi kiasi kwamba ilinichukua miaka kujua kuwa lile lilikuwa katazo.

Jumanne nikaondoa turubai. Mama aliponiona aliingia ndani akafunga mlango. Nilifungua boneti. Mimi nilikuwa na hoja moja tu: siku moja kabla hujaanguka ulilipeleka gari mnadani na likarudi likinguruma vizuri. Injini haifi usingizini. Kitu kinachokufa usingizini ni betri.

Nikaiona. Ilikuwa imetuna ubavuni kama ng'ombe aliyekula majani mabichi. Ilikuwa imefungwa kwa mpira wa baiskeli kwa sababu mkanda wake ulishakatika. Vichwa vyake vilikuwa vimejaa unga mweupe wenye ukijani. Na kwenye kichwa cha chanya, katikati ya chuma na kishikio, ulikuwa umechomeka msumari uliogongwa ukawa bapa, ili kishikio kibane.

Ulijua.

Nilisimama pale nikaanza kukumbuka. Kanisani ulikuwa unaegesha juu kule kwenye mteremko, mbali na mlango, na Mama alikuwa analalamika kutembea. Mnadani ulikuwa huzimi gari. Nyumbani ulikuwa unatuambia tusiguse redio. Sisi tukadhani ni tabia za utu uzima. Kumbe karibu mwaka mzima ulijua betri haina uhai, ukawa unaibembeleza kwa misumari na kwa miteremko ya kuwashia gari likiserereka, na hukumwambia mtu. Maduhu yuko mbali. Mama hajui. Na mimi? Mimi ungeniambia ili iweje?

Nilikaa chini kwenye udongo nikalia. Haikuwa ile huzuni ya kaburini, Baba. Ilikuwa hasira. Neno moja tu. Ungesema tu mezani, "Kabula, betri ya gari imechoka," ningejifungia na cherehani mwezi mmoja na ningekuja nayo mlangoni. Ulinionea huruma nisichafuke mikono, ukaniacha niichafue kwa tope, nikikusukuma wewe mwenyewe unakufa.

Ulikosea. Nasema kwa heshima, na nasema kwa sauti.

Alhamisi niliitoa. Spana namba kumi ilikuwa kwenye kile kikopo cha maziwa, mahali pake. Hasi kwanza. Nilikwenda kwa tahadhari ingawa nilijua betri ile haina cha kunifanya. Nati ya chanya ilishika kabisa, nikaigonga taratibu, nikaipaka mafuta, nikaisubiri. Ilipolegea nikainyanyua betri. Sikujua kama ni nzito vile. Wewe ulikuwa unaibeba kama mkate.

Ijumaa nikaenda nayo mjini ili nipate saizi ile ile, yenye chanya upande ule ule. Muuzaji alimsikiliza kila mwanaume aliyeingia baada yangu, mwisho akanigeukia. "Dada, mwambie mwenye gari aje achague mwenyewe."

"Mwenye gari yuko kaburini," nikamwambia. "Nipe kama hii, na uipime nikiona."

Akaipima mbele yangu, mshale ukapanda ukasimama. Nikalipa kwa akiba yangu ya kushona. Akataka kunitafutia fundi wa kunisindikiza. Nikasema asante, fundi yupo. Nikaipakata kwenye bajaji imesimama wima mpaka nyumbani, na kwenye kila shimo dereva akawa ananiomba msamaha, sijui mimi au betri.

Jana nikaamka mapema. Nikapanga vitu vyangu kwenye gunia: spana, msasa, kisu, grisi, matambara. Nilikuwa nakwangua ule unga kwenye vishikio na hautoki vizuri, nikasikia hatua nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama uani, pale asipopitaga, ameshika birika la maji ya moto na bakuli la magadi. Akaviweka chini. "Baba yako alikuwa anamwagia hii," akasema. Akarudi jikoni. Nilimwaga, ule unga ukafoka povu ukayeyuka, vishikio vikabaki vyeusi safi. Yalikuwa maneno ya kwanza kumsikia akisema kuhusu lile gari tangu siku aliyoniambia niliache, na hayakuwa ya uchawi.

Nikaikalisha betri mahali pake. Nilishona mkanda mpya kwa utepe mgumu ninaotumia kwenye mabegi ya shule, nikaifunga isicheze. Nikafunga chanya. Nilikuwa nashika spana ya hasi niliposikia trekta.

Alikuja kweli. Baba mdogo, dereva wa trekta, na fundi mmoja aliyevaa ovaroli safi. Nilipiga goti nikawaamkia, "Mwangaluka," spana ikiwa mkononi. Akaitikia vizuri. Akaniangalia mikono, akasema, "Naona umeanza kunisaidia kulifungua."

"Nalifunga, Baba mdogo," nikasema.

Nikamalizia hasi. Nikaingia. Sitakudanganya, nilisali. Nikageuza ufunguo, taa za dashibodi zikawaka kali kama mpya, nikafika kwenye kuwasha. Tak. Taa zote zikazimika.

Nikageuza tena. Tak.

Ulikuwa mlio ule ule, Baba. Nikiwa siti ile ile. Niliangalia siti ya pembeni, na kwa muda mfupi ulikuwepo.

Yule fundi alisogea, hata boneti hakuiinamia. "Injini imeshika hii," akasema. "Hata uweke betri kumi." Baba mdogo akamwambia dereva ashushe mnyororo. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemwondoa mtoto karibu na moto.

Nilishuka nikasema, "Nipeni nusu saa."

"Kabula, tuna safari ndefu."

"Nusu saa, Baba mdogo."

Akamgeukia Mama, aliyekuwa kwenye mlango wa jiko. Nadhani alitegemea Mama aniite ndani. Mama alifuta mikono kwenye kitenge chake, akasema, "Mpe."

Basi nikasimama mbele ya lile boneti, wanaume watatu nyuma yangu, na sikujua cha kufanya. Nikajilazimisha kufikiri. Betri ni mpya, nimeiona ikipimwa. Taa zimewaka, maana yake umeme unatoka. Ikidaiwa nguvu nyingi, unakatika. Nikakumbuka ulivyomwambia Maduhu siku ile ya cheche, na mimi nikiwa na sufuria langu: "Umeme ni kama ng'ombe. Ukiupeleka malishoni lazima uwe na njia ya kurudi." Njia ya kurudi ni waya wa hasi. Nikaufuata kwa kidole kutoka kwenye betri, unashuka, unapita nyuma ya betri, mpaka unapofungwa kwenye bodi. Nikagusa bolti. Ilikuwa ya moto. Kila kitu kingine kilikuwa baridi, bolti ile tu ndiyo ya moto: umeme ulikuwa unakwama hapo.

Nikatoa hasi kwenye betri kwanza. Kisha nikafungua bolti ile. Chini yake kulikuwa na kutu nyekundu iliyopandana kama maganda ya karanga. Pengine nayo ulikuwa unaijua, pengine hukuijua. Nikaikwangua kwa kisu, nikaisugua kwa msasa, bodi na waya, mpaka chuma kikang'aa. Jasho lilikuwa linaniingia machoni na nilikuwa najifuta kwa mkono wenye grisi, uso wote ukawa mweusi. Nikafunga bolti kwa nguvu zangu zote. Nikarudisha hasi, mwisho.

Niliingia nikageuza ufunguo nusu, nikasubiri ile taa ya kupasha injini izime. Nikawasha.

Lilizunguka. Lilikohoa mara tatu likanyamaza. Fundi akafungua mdomo. Nikawasha tena, na safari hii likashika, Baba, likashika na kutetemeka lote, likatoa moshi mweusi uliojaa uani, na kuku wakatoka chini wakipiga kelele kila mmoja na njia yake.

Hakuna aliyepiga makofi. Fundi aliweka kiganja juu ya boneti, akasikiliza, akasema kwa sauti ya chini, "Liko sawa." Baba mdogo akainama kuitazama betri mpya. Mwisho akasema, "Kumbe betri."

"Kumbe betri," nikasema. "Na waya mmoja wenye kutu."

Nikamkumbusha maneno yake ya kikao. Akasema alitania.

"Mimi sikucheka," Mama akasema.

Baba, hujawahi kumsikia Mama akimjibu mdogo wako hivyo. Mimi pia. Alipika, usidhani aliwaacha waondoke na njaa. Walikula ugali na mlenda, Baba mdogo akashukuru, "Wabeja," kwa adabu zote. Wakati wa kupanda trekta akasema tutayazungumza tena pamba ikishauzwa. Nikamwambia karibu sana. Sina ugomvi naye. Alikulilia kwa dhati, nilimwona. Lakini akija tena atanikuta hapa hapa.

Walipoondoka gari lilikuwa bado linaunguruma, niliogopa kulizima. Mama alikuja akasimama karibu na mlango. Aliuliza polepole, kama mtu anayeogopa jibu, "Kwa hiyo halikukataa?"

"Halikukataa, Mayu. Halikuwa na nguvu."

Akalia. Hakuwa amelia tangu tulipokuzika, watu wakamsifu kuwa ana moyo mgumu. Kumbe alikuwa hawezi. Miezi yote hii alikuwa anadhani kitu cha nyumba yake mwenyewe kilimgeuka mume wake mlangoni. Akalia akiwa ameshika kioo cha pembeni. Kisha akazunguka upande wa abiria, akafungua mlango, akakaa pale ulipokuwa umekaa wewe. Akaweka mikono magotini. "Nipeleke," akasema.

"Wapi?"

"Popote."

Tulishika barabara ya Maswa. Kote mashambani pamba imefunguka, nyeupe mpaka inaumiza macho, mwaka huu ungeipenda. Tukapita watu na magunia yao wanasubiri usafiri, mmoja akatambua gari akasimama mdomo wazi. Mama akampungia mkono. Mbele kidogo aliacha kulia, akanitazama ninavyobadilisha gia. "Nani alikufundisha?" Nikatoa leseni kwenye pochi nikampa. Aliisoma, akaisoma tarehe, akaelewa kuwa wewe ulikuwa bado hai. Nilidhani atanigombeza. Alicheka, Baba. Alicheka mpaka nikapunguza mwendo.

Maduhu alipiga jana jioni. Baba mdogo alishampa habari. Akaniuliza bolti ile ilikuwa upande gani, nikamweleza, akasema, "Hata mimi nisingeiona." Nikamwambia angeiona kama angekuwa anaangalia. Tukacheka kidogo. Anakuja mwezi ujao kulijengea kaburi lako, na stendi nitakwenda kumpokea mimi.

Sasa nimalize, maana Mama ananiita tukapakie choroko. Mnada ni kesho kutwa na kuna wanawake watano wameomba nafasi.

Bado nina hasira na wewe. Najua hasira kwa marehemu inasemwa ni mbaya, na Padre akisoma barua hii atanipa rozari nzima. Acha iwe. Ninakupenda na nina hasira, vyote vinakaa humu ndani pamoja na hakuna kinachomsukuma mwenzake. Ulinitunza kama yai. Ulitakiwa unipe spana. Siku nitakayokusamehe kabisa nitakuja kaburini nikuambie mwenyewe, kwa mdomo wangu. Leo bado.

Ila nakupa ahadi, na hii ishike. Kila mwezi nitafungua boneti ile kwa mikono yangu, nitakaza kilicholegea, nitasugua kilichoshika kutu, na kitu kikichoka nitasema mezani watu wote wasikie. Mama akiugua, jirani akiugua, hata Baba mdogo Masunga akiugua kule Lalago, nitaliwasha na nitampeleka. Hakuna mtu wa nyumba yako atakayekufa tena akisubiri gari la mtu mwingine.

Pumzika, Baba. Sisi tunaondoka.

Mwanao,
Kabula